Baba Mkwe Amekataa Dawa Ili Nisimwoshe

Mama Judica, shikamoo.

Mtoto wangu Zita ana miaka minne, na muda huu huu, hata maji kwenye beseni hayajapoa, ametoka chumbani kwa babu yake na kitambaa kimelowa mkononi, ananiambia, "Mama, babu amekataa kulala." Nikamuuliza nani amemwambia alale mchana huu, akasema, "Mimi. Nimemwambia babu kunywa dawa ulale, mama aje akuoshe." Mama Judica, nilikaa chini pale pale jikoni juu ya gunia la magunzi, maana siri niliyoificha wiki tatu mtoto ameitoa kwa maneno manane, na sasa nakuandikia kwenye karatasi nilizochana kwenye daftari langu la kwaya, naandika haraka, utanisamehe mwandiko, nahitaji mtu wa kuniambia ukweli na hapa nyumbani hayupo.

Huwa nasoma majibu yako gazetini. Mimi ni mke wa Gidion, nina miaka ishirini na tatu, niliishia darasa la saba, tunaishi huku Hanang kwa wakwe zangu. Mama mkwe alishafariki. Gidion anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu na msimu huu anakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumbani tuko watatu, mimi, Zita na baba mkwe. Jina la baba silitaji, hata kwenye karatasi naona haya. Ana saratani ya tezi dume, imeingia kwenye mifupa ya mgongo, tangu mwezi wa pili miguu haiendi tena. Hospitali walituambia bila kuficha kwamba kuponya haiwezekani, kilichobaki ni kumtuliza asiumie, akae nyumbani kwake na watu wake. Nililia, halafu nikazoea, na kusema kweli kuna siku anaamka vizuri, ananyoa ndevu mwenyewe kwa kile kioo chake kidogo, anakunywa uji mwenyewe, namsikia anamwimbia Zita, nami nasema moyoni labda Mungu ana mpango mwingine.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, anakuja nesi Mwita na pikipiki. Ni kijana wa Mara, mcheshi, akifika mlangoni tu anapaza sauti, "Shikamoo mzee, umeshanitafutia mchumba huku?" Baba anamjibu, "Nyie watu wa Mara siku hizi mnakuja na pikipiki, ng'ombe mmewaacha wapi?" Wanacheka mpaka baba anashika mgongo. Huyo Mwita ndiye alinifundisha kupima dawa ya maumivu, ile ya maji, mofini, kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kila baada ya saa nne, akanionya nisiongeze hata tone bila kumpigia simu. Dawa yenyewe ni nzuri sana. Kabla ya hiyo dawa baba alikuwa analia kama mtoto na mimi najificha zizini nisisikie.

Sasa shida yangu siyo dawa, ni kuoga. Unajua mwenyewe mama, mkamwana na baba mkwe hawagusani. Chakula namwekea kwenye kigoda, simpi mkononi, na yeye akitaka kitu haongei na mimi, anaongea na mtoto hata kama nimesimama hapo hapo mlangoni. Anasema, "Zita, mwambie mama yako uji umekuwa mzito." Nami nasema, "Zita, mwambie babu naongeza maziwa." Zita anatuangalia tu, huyu, halafu huyu, kama anaona watu wazima wamechanganyikiwa.

Mwanzoni alikuwa anamwosha mzee Hhando, jirani yetu, walitahiriwa pamoja. Siku ya tatu alitoka mle ndani machozi yanashuka, akaniambia, "Mke wa Gidion, huyu mtu alinibeba begani tukivuka mto umejaa. Leo nimemgeuza kwa mkono mmoja. Siwezi tena, niwekee kiti nikae naye tu." Basi anakuja kila asubuhi wanaongea habari za ng'ombe waliokufa zamani, halafu anaondoka. Gidion kwenye simu anadhani Hhando bado anaosha, mimi sijamwambia, nilijua ataacha kazi au atamfokea mzee wa watu.

Zikapita siku tano hajaoga. Chumba kikawa na harufu, kwenye nyonga pakaanza kidonda, na alikuwa amejichafua. Nikamtuma Zita aulize kama naweza kuingia na maji, baba akageukia ukutani. Mama Judica, ningefanya nini? Nikaona akinywa dawa ya saa nne asubuhi huwa anasinzia kidogo, nikaingia na beseni, nikamwosha haraka haraka kama mwizi, nimegeuza uso, nikabadilisha shuka, nikatoka. Alipoamka alijikuta msafi na hakuuliza. Na mimi sikusema. Tukaendelea na uji. Kesho yake hivyo hivyo, nikafikiri moyoni kwamba labda anajua na ameniruhusu kwa kunyamaza, nikafurahi hata, kidonda kikaanza kukauka.

Halafu siku moja nikiwa namwosha nikaona kope zinacheza. Nilitoka mbio nikaacha beseni ndani. Na hapo ndipo nilipokosea, sijui nikuandikieje, kesho yake nikaongeza mililita mbili kwenye dawa ili alale sana, nisimwonee haya na yeye asinione. Nikafanya hivyo siku nne. Siku ya nne alilala mpaka jioni. Nikaingia nikamwita kwa sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu niolewe, "Baba! Baba!", hafungui macho, pumzi inakuja moja halafu kimya, mpaka nasema basi, halafu inakuja nyingine. Nilipiga magoti nikashika mguu wa kitanda mpaka alipofungua macho akaomba maji. Sijaongeza tena tangu siku ile, naapa. Lakini chupa imepungua kuliko inavyotakiwa, na Alhamisi Mwita ataiinua kwenye mwanga kama kawaida yake. Nimewaza nijazie maji ya kuchemsha. Nimewaza tu, sijafanya.

Na leo ndiyo hivyo, mtoto amesema. Dawa ya saa nane baba ameikataa. Amemwambia Zita, "Mwambie mama yako hiyo dawa aimwage." Namsikia kupitia ukutani, ameng'ata shuka asipige kelele, yaani amechagua kuumia kuliko kuoshwa na mimi. Na ni mimi nimemfikisha hapo. Je, niache kumwosha aoze? Nimwambie Gidion? Nesi akijua, si atatunyima dawa kabisa? Mahindi yetu yameshatoa mbelewele, baba anapenda sana mahindi ya kuchoma, nilitaka tu afike kwenye mahindi mabichi akiwa hana maumivu, nachoomba ni hicho. Nijibu haraka kwa sababu saa kumi na mbili kuna dawa nyingine na sijui nitaingia mlango ule na uso gani, na kama utasema nimwombe msamaha basi uniandikie na maneno yenyewe, maana mimi na yeye hatujawahi kuongea ana kwa ana, ngoja kuna sauti, siyo Zita, Zita yuko hapa ananivuta sketi, ni baba anaita, hajasema Zita mwambie mama yako, anasema mama Zita, mama Zita njoo, ana

*

Mama Zita, marahaba.

Barua yako imenifikia kwa picha tatu za simu, ya mwisho imekatika. Umeituma hivyo hivyo ilivyo, nami nakujibu bila kupamba. Habari ya dawa haikuweza kusubiri gazeti, ndiyo maana nilikuandikia ujumbe siku ile ile. Nairudia hapa kwa sababu najua kuna wakamwana wengine wanasoma huku wameficha beseni nyuma ya mlango.

Ulichokifanya na zile mililita mbili kilikuwa cha hatari. Sikutishi. Zile pumzi ulizozisubiri ukiwa umepiga magoti zingeweza kutorudi, na ungebaki na hilo maisha yako yote. Dawa hii ikipimwa sawasawa ni rafiki mkubwa wa mgonjwa, haiui mtu. Ikiongezwa kwa kubahatisha ni kitu kingine kabisa. Na hayo maji ya kuchemsha usithubutu! Ukichanganya, hakuna atakayejua tena mzee anapata dawa kiasi gani, ataumia na mtadhani dawa imeshindwa.

Mpigie Mwita. Usisubiri Alhamisi aangalie chupa, mwambie leo, umeongeza kiasi gani, siku ngapi, na mzee alilalaje, na kwamba dawa ya saa nane hakuinywa. Hatawanyima. Kazi yake ni kuhakikisha mzee haumii, na nyumba nyingi watu wamekosea vipimo wakaelekezwa upya. Mwambie na kidonda cha nyonga. Muulize pia dawa itolewe saa ngapi ili kugeuzwa wakati wa kuoga kusimuumize, hilo wanalijua vizuri. Na ukimwona mzee tena amelala hivyo, haamki ukimwita au anapumua kwa kuchelewa, usishike mguu wa kitanda. Shika simu.

Gidion naye aambiwe. Unamlinda dhidi ya nini? Baba ni wake. Trekta ina madereva wengine, lakini mtoto wa kiume uliyenitajia ni huyo mmoja, naye anadanganywa na mke wake kwenye simu. Aje hata siku mbili, Mwita amfundishe kuosha, amwoshe baba yake wakitaniana kama wanaume wanavyojua.

Mzee Hhando mwambie hivi: hakuna aliyemkataza kulia. Alie, lakini huku ameshika taulo. Mtu aliyebebwa akavushwa mto hawezi kushindwa kubeba jagi la maji. Mwambie nimesema mimi, akinuna anune na mimi.

Sasa nikugombeze kidogo halafu tumalize. Umeandika kurasa tatu juu ya mwili wa mzee huyu. Umemsikiliza Hhando, umemtuma Zita, umeniuliza mimi. Yeye mwenyewe ulimuuliza mara moja tu, kupitia mtoto, na alipogeuka ukutani ukamlaza. Umeandika mwenyewe kwamba ananyoa ndevu. Anakunywa uji. Mama Zita, mikono ya baba yako haijalala! Mwekee beseni la maji ya moto pembeni, sabuni, kitambaa, mfunike shuka, toka nje, funga mlango. Sehemu zake za siri aoshe mwenyewe, leo, kesho, mpaka mikono itakapochoka. Kitakachobaki ni mgongo na miguu, na mgongo ni wa Hhando. Siku wote wakikosekana na mikono yake imechoka, hapo aamue yeye, macho yakiwa wazi, kama mkamwana anaweza kuingia. Akisema hapana, hapana yake iheshimiwe mpaka Hhando afike. Akisema ndiyo, usigeuze uso kama mwizi. Huibi kitu.

Najua ulifanya kwa huruma. Wapo watoto wa kuzaa wanaopita mbali na harufu ile, wewe uliingia. Kwa hilo mimi nakuvulia kilemba. Na kuhusu mahindi mabichi, siwezi kukuahidi mwezi wala wiki, na wala wewe usimwahidi. Lakini hindi la kwanza likikomaa mchomee, hata kama ataishia kunusa.

Sijui alikuitia nini na sijakuuliza kwenye ujumbe, hilo ni lenu. Ninachojua ni kwamba katika maumivu yale, dawa ameikataa, na wewe unadhani ndiwe uliyemfikisha hapo, bado aliyemwita ni wewe, na hakumpitia mtoto. Kwa hiyo maneno uliyoniomba haya hapa, yachukue kama yalivyo:

"Baba, shikamoo. Nilikuosha ukiwa umelala, sikukuomba. Nikakuzidishia dawa. Nisamehe. Dawa ya sasa nimeipima kama alivyosema Mwita, na nikishakupa siingii na maji mpaka uniite. Unataka nani akuoshe mgongo?"

Halafu nyamaza, mpe nafasi ajibu. Na Zita mtume nje akacheze, leo hana ujumbe wa kupeleka.

Mama Judica