Uhamisho Wangu wa Iringa Umetoka, Lakini Kituoni Tuko Wanne

Mama Evarista, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mkuu wangu wa kituo anataka jibu na mimi ninayo majibu mawili, na yote mawili nikiyaangalia nayaona ni ya kweli.

Mimi ni askari polisi mwenye cheo cha koplo, niite Apolonia, niko kwenye kituo kidogo huku bonde la Usangu ambako watu wanalima mpunga na wengine wanafuga ng'ombe, na mume wangu Liberatus yuko Iringa mjini anafundisha useremala chuoni, anaishi na mama yake na binti yetu Happy aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu, nami tangu mtoto aache kunyonya nimekuwa mama wa simu na wa likizo, na hizo likizo nazo zinasogezwa mbele kila mara kwa sababu kituoni tuko askari wanne na eneo letu kulizunguka kwa pikipiki ni kazi ya kutwa. Mmoja akienda kozi, wawili wakisindikiza mahabusu mahakamani Mbeya, anabaki mmoja, na huyo mara nyingi ni mimi, kaunta ni mimi, mlinzi wa mahabusu ni mimi, dawati la jinsia na watoto ni mimi, maana askari wa kike niko peke yangu. Silalamiki, Mama. Kazi naipenda na naiweza, hilo nalisema bila aibu.

Ngoja nikueleze lililotokea msimu huu, mpunga ukiwa unachanua, ndipo utaelewa kwa nini nimekwama. Siku hiyo nilikuwa peke yangu kituoni, mtendaji wa kata, Bwana Filemoni, akapiga simu anahema, akasema ng'ombe wa Magesa wameingia shamba la Anord, Anord na majirani zake wamewashikilia wale ng'ombe, na ndugu zake Magesa wanakuja na fimbo, wengine mapanga. "Afande, wakikutana hawa watu hapa tutaokota maiti." Nikapiga makao makuu ya wilaya, nikaambiwa gari la doria liko kwenye ajali barabara kuu, nisubiri. Nikampigia mkuu wangu, Inspekta Gwakisa, yeye alikuwa mahakamani, nikamwambia, "Afande, naomba ruhusa nifunge kituo niende." Akasema, "Muite mgambo akae na mahabusu. Nenda. Nitawajibika mimi."

Nikapanda bodaboda ya Mika, kijana wa pale kijiweni, nikaenda. Bunduki niliiacha kabatini, kwa sababu mtu mmoja mwenye bunduki katikati ya umati ule anakuwa amewapelekea bunduki. Nilipofika walikuwa wameshagawanyika pande mbili za mfereji wa maji, wanatukanana kwa lugha tatu, na mpunga umelala chini kama umepigwa mvua ya mawe. Sikwenda kwa wanaume. Nilikwenda kwa Mama Mbuke, mama mzazi wa Magesa, alikuwa amesimama pembeni na wanawake wenzake, tunafahamiana kwa sababu mjukuu wake nilimhudumia pale dawatini walipotaka kumwozesha akiwa bado shuleni.

Nikamwambia, "Mama, Magesa hanisikii mimi, anakusikia wewe. Aweke fimbo chini, naye Anord ataachia ng'ombe."

Akaniuliza, "Na mpunga wa watu?"

"Bwana shamba atakuja kesho kuutathmini, wewe ukiwepo na mimi nikiwepo."

Akavuka mfereji na kanga yake kiunoni, akaenda kusimama mbele ya mwanawe, akamwambia maneno ya Kisukuma sikuyaelewa yote, lakini fimbo ilishuka. Nikamgeukia Anord. Akanitazama na jasho linamtiririka, akasema, "Afande, mimi nitaachia. Ila wewe ukiondoka je?"

Nikamjibu, "Siondoki."

Nilimaanisha siku ile, Mama, nilimaanisha siondoki pale shambani mpaka watu watawanyike. Ng'ombe wakatoka, kesho yake bwana shamba akaja, wakafidiana kwa kukubaliana, hakuna aliyeumia. Tangu hapo watu wakiwa na jambo hawaulizi nani yuko zamu, wanauliza Apolonia yuko wapi.

Sasa juzi Inspekta ameniita ofisini akaniambia, "Iringa wamekukubali, hongera. Lakini nikwambie ukweli kama mkuu wako. Ikama ya kituo hiki ni askari kumi na wawili, ninao wanne. Ukiondoka nina watatu na sina mwanamke. Ukisema unataka kubaki, naandika kuomba uhamisho usitishwe. Nipe jibu Ijumaa." Sijui nani alivujisha, kesho yake Anord na Magesa wamekuja kituoni, wamekuja pamoja, watu ambao juzijuzi walitaka kukatana, na Anord akasema, "Afande, ulituambia huondoki."

Jioni nikapiga simu nyumbani nimsalimie Happy, akaniuliza, "Mama, ukija kututembelea utalala chumba gani?" Kututembelea, Mama Evarista. Kama mgeni. Nilimwambia ampe bibi yake simu, nikamuaga bibi, nikatoka nje.

Liberatus ameomba huu uhamisho pamoja na mimi kwa maombi na kufunga, na mpaka leo sijamwambia kwamba umetoka, naogopa nikishamwambia nitakuwa nimeshaamua. Nikienda naona nimewatupa watu wanaoniamini, nikibaki naona mwanangu anakua bila mimi. Nishauri, na ukiona nimekosea niseme tu, nimezoea kufokewa.

Koplo Apolonia, Usangu

*

Marahaba, Koplo. Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikanywa chai, nikairudia.

Kwanza, hongera kwa kazi ya pale mferejini. Uliomba ruhusa kabla ya kufunga kituo, ukaacha silaha, ukamtafuta mtu sahihi wa kusema naye. Hiyo ni kazi ya askari aliyekomaa, na sitaki uidharau unaposoma haya yanayofuata.

Sasa nikufokee kama ulivyoomba. Mwanamume aliyelea mtoto wako, akavumilia kila likizo iliyosogezwa, akafunga na kuomba pamoja nawe, leo hii Anord anajua uhamisho umetoka na yeye hajui! Magesa anajua! Mwendesha bodaboda naye bila shaka anajua. Unasema unaogopa kuamua. Mwenzangu, kumficha ni kuamua tayari, tena umeamua vibaya. Ukimaliza kusoma jibu hili mpigie. Usimtumie ujumbe, mpigie, asikie sauti yako.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka mingi hapahapa Nyanda za Juu Kusini, na kuna vipindi tulikuwa wauguzi wawili mahali pa kukaa wanane. Najua jinsi inavyokuwa watu wakikuita kwa jina lako badala ya cheo chako. Ni tamu. Inakufanya uamini kwamba ukitoka, paa litaanguka. Nami nilibaki, nikabaki tena, na unajua kilichotokea? Kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda, hakuna aliyeona haraka ya kutuletea mwingine. Nafasi nane zilizokuwa wazi kituoni kwenu hazikuanza siku uliyokubaliwa Iringa, wala hazitajaa kwa wewe kukosa malezi ya mwanao. Unaziba tundu kwa mwili wako, na kwa jinsi unavyoliziba vizuri, wanaopita nje hawalioni.

Kwa hiyo nenda. Ila usiende kwa kunyata.

Ijumaa ingia kwa Inspekta wako, simama wima, mwambie, "Afande, nakwenda Iringa, na naomba ile barua uliyotaka kuandika kunizuia, uiandike kuomba watu, na wa kwanza awe mwanamke." Anaonekana ni mtu muungwana, maana alikubali kuwajibika wewe ulipofunga kituo. Awape wakubwa wake kisa cha mferejini kama kilivyotokea, kwamba askari mmoja alifunga kituo cha polisi mchana kweupe kwa sababu hakuwa na mwenzake. Hicho kitaeleweka haraka kuliko malalamiko yoyote.

Kesi zako za watoto zikabidhi mkononi, siyo kwa maneno ya mlangoni. Mtoto anayekufahamu wewe atambulishwe kwa anayekupokea, mkiwa mmekaa pamoja. Mahakama ikikuita kutoa ushahidi, Iringa na Mbeya ni barabara moja ya lami, utapanda basi utakuja.

Na Anord usimkimbie. Mwambie ulichomaanisha siku ile. Kisha waketishe yeye na Magesa na mtendaji na Mama Mbuke, wakubaliane wenyewe ng'ombe wapite wapi mpunga ukiwa shambani na nani aitwe kwanza likitokea jambo, wewe ukiwepo kusikiliza tu. Wamekuja kituoni kwako pamoja. Hao hawakuhitaji askari kuwashika mkono njia nzima.

Kuhusu Happy, usiende na zawadi kubwa kumfidia. Mjibu swali lake. Mwambie utalala chumba gani, na kwamba asubuhi utakuwepo.

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimsomea Apolonia kwa simu kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakaribia. Leo nalichapisha kwa ruhusa yake, majina tukiwa tumeyabadilisha, na ninaweza kuwaambia yaliyofuata.

Alimpigia mumewe jioni ileile. Liberatus akasema, "Ngoja nikae." Halafu akauliza, "Umejua lini?" Akaambiwa ukweli, akanuna, na alikuwa na haki ya kununa. Baada ya siku chache alipiga mwenyewe kuuliza tarehe ya kuripoti.

Inspekta aliandika. Hakuletewa wanane, wala nisiwadanganye kwamba kituo sasa kimejaa. Aliletewa mmoja, konstebo msichana aitwaye Faustina, mgeni kabisa kazini. Apolonia aliomba abaki wiki moja zaidi, akazunguka naye kitongoji kwa kitongoji. Watu walimtazama Faustina kwa mashaka, umri wake mdogo, sauti yake ya chini. Mama Mbuke ndiye wa kwanza kumletea maziwa, akakaa naye kaunta nusu saa akimwuliza kwao ni wapi na wazazi wake wanalima nini.

Juzi Apolonia alinipigia kutoka Iringa. Alikuwa ametoka kumchukua Happy shuleni, nilimsikia mtoto akisimulia jambo refu lisilo na mwisho. Katikati ya maongezi akasema, "Subiri Mama, kuna namba ya Usangu inaingia." Nikasubiri. Aliporudi nikamuuliza nani.

"Anord. Ng'ombe wameingia tena shambani kwake."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ampigie Afande Faustina." Akaanza kucheka. "Anasema ameshampigia asubuhi, amefika, yamekwisha. Mimi alikuwa ananisalimia tu."