Kikohozi Unachokificha Geita

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Hujaniamkia, lakini napokea, tuendelee. Bahasha hii sikuifunga kwa makusudi. Wenzako wa chumbani hapo kambini waisome pia, na asiyejua kusoma asomewe.

Muuza dagaa wa Nkome alipita mgodini kwenu, jana kafika hapa. Kanieleza unakohoa damu, na sahani yako imetengwa, unakula peke yako nyuma ya nyumba. Eti unasema ni vumbi. Vumbi gani lenye damu? Unamdanganya nani, mimi niliyemzika babu yako?

Ulikuwepo, Masanja. Alipoanza kukohoa, shemeji zangu walimwambia asikae tena shikome, pale motoni wanaume wanapokula pamoja. Walisema ni kifua kikuu. Hakuna aliyekwenda hospitali kuuliza. Wewe ndiye uliyempelekea bakuli ghalani, akala amewapa watu mgongo. Mtu aliyetoboa mawe mgodini ujana wake wote! Aliona haya, akaanza kuficha. Akitema damu anaifukia majivuni kwa kisigino. Nikimuuliza, ananijibu, "Mama Kabula, angalia chungu chako kinaungua." Mavuno yakapita, na mengine yakapita.

Ulipombeba kwa baiskeli kwenda hospitali ya misheni, nami nikiwafuata, alikuwa mwepesi kuliko gunia la mtama. Daktari akampiga picha ya kifua, akaiinua dirishani. Kile cheupe, akasema, si kifua kikuu. Ni kansa ya pafu, na haimwambukizi mtu. Nikamwambia sijaelewa, asinizungushe. Akasema ni uvimbe unaoota ndani, unaula mwili kimya kimya.

"Kama kiduha, lile gugu la kwenye mtama?" nikamuuliza. "Kinanyonya mizizi, jani bado kijani, ukiona ua lake kimeshamaliza kazi?"

"Ndivyo hivyo, mama," akasema.

Angekuja uvimbe ungali mdogo, alisema, ziko hospitali kubwa za mbali wanapasua kifua na kukata kipande kilichoharibika. Nyingine zina mashine ya kuuchoma kwa miali. Si wote wanaopona, hakunidanganya. Kwa babu yako ulikuwa umeshatambaa mpaka kwenye ini. Walimtoa maji kifuani kwa sindano, akapumua. Wakampa dawa ya maumivu, akalala. Basi. Daktari akauliza pia habari ya kiko, na ya vumbi la mawe. Babu yako alikuwa navyo vyote viwili. Wewe una vumbi na sigara. Sigara itupe leo.

Tuliporudi nilimkalisha shikome mwenyewe, nikaweka bakuli katikati. Shemeji zangu wakatazamana.

"Kuleni," nikasema, "au mmeshiba maneno?"

Mdogo wake akanawa mikono. Babu yako akala matonge mawili, akalalamika mlenda umepoa. Ulicheka mpaka ukapaliwa.

Sasa wewe. Sijui una nini. Na wewe hujui, wala hao waliotenga sahani hawajui. Kama ni kifua kikuu, siku hizi zipo dawa zake. Kama ni ile nyingine, kuijua leo si sawa na kuijua msimu ujao. Picha ndiyo itasema. Najua unaogopa mgodi utakufukuza. Ukufukuze! Shamba lipo, jembe lipo, na mdomo wangu wa kukusimanga upo.

Nakuogopea, Masanja. Nimeliandika neno hilo mara moja, sirudii. Panda lori la kwanza linalokuja Shinyanga, twende wote kwa daktari. Mzee hapa ni mimi. Kuzikwa ni zamu yangu, na wa kulichimba kaburi ni wewe. Usinipite.

Bibi yako,
mama yake Kabula aliyekuzaa