Heza Imewaka Makindye

Jumamosi, 12 Februari 1977
Mvua imenyesha na heza yangu, ule mmea wa Kizungu, imebadilika! Miaka minne imekuwa kichaka kifupi cha kijani, basi. Leo ncha zote nyekundu, chini yake dhahabu. Hakuna ua hata moja — ni majani yenyewe. Nimemwita mume wangu Otema. Yeye ni polisi, maua si kazi yake. Amechuchumaa na yunifomu yake, akiitazama, mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 13 Februari
Mwalimu Mzungu wa chuo cha Kyambogo ndiye aliyeniachia, akirudi kwao. Alisema nisiipe majivu, niipe udongo wa majani yaliyooza. Kwao majani huwaka rangi hivi kwa baridi. Hapa sikutegemea kabisa. Kanisani nilipiga magoti, lakini roho ilikuwa bustanini.

Jumanne, 15 Februari
Sajini Marjan, jirani yetu mwanajeshi, ameingia bila hodi. Nilidhani amemfuata Otema — siku hizi Waacholi wanachukuliwa na wanajeshi, hawarudi, na sisi ni Waacholi. Kumbe ameiona heza kutoka kwake. Ameomba tawi. Nimempandia kwenye kopo la samli. Amelibeba kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 18 Februari
Marjan tena, ati kuuliza habari ya maji ya tawi lake. Nikamwambia kidogo, asubuhi. Akainamia heza, akagusa ncha kwa kidole. Bila kunitazama akasema:
"Mama, Otema asilale hapa leo. Kesho watakuja."
Otema ameondoka jioni, shati moja tu, kuelekea Busia, mpakani.

Jumamosi, 19 Februari
Wamekuja. Wamepekua hadi darini. Heza wameikanyaga upande mmoja. Upande wa pili bado unawaka. Nimesimama mbele yake muda mrefu — nguvu hii inatoka wapi?

Ijumaa, 4 Machi
Dereva wa lori ameleta neno. Otema yuko Kisumu, mzima. Mungu wangu!
Na pale palipokanyagwa pameanza kuchipua. Vitone vyekundu.

Jumanne, 8 Machi
Zenabu, mke wa Marjan, yuko sebuleni. Amekuja na lile kopo. Tawi limeshika, limetoa majani ya dhahabu. Marjan aliitwa kambini Jumapili, hajarudi. Hakuna anayemwambia mkewe kitu. Kwanza aliniuliza maji kidogo ni kiasi gani, asije akaliua. Halafu akanishika mkono.
"Ajok, we unajua wamemwitia nini?"
Nimesema naenda kuchemsha chai. Maji yamechemka zamani. Bado niko jikoni, naandika, na yeye ananiita.