Fraksio kwenye foni ya Kamina

Yaya Beya, mkubwa wangu mpendwa,

Niko mzima, aibu tu ndiyo imenipata. Treni bado haitembei kwa ajili ya vita, basi nimekwama hapa Kamina, na shule ya misioni imenipa darasa la sita nifundishe, maana nilijisifu kwamba najua hesabu. Ikafika zamu ya kugawa fraksio, zile sehemu kama nusu na robo. Nilikuwa nimesahau kabisa! Nikakimbilia foni, ile redio ya misioni, nimuulize kwa siri mwalimu mwenzangu wa Luena. Siri gani, Yaya? Wazazi wa wanafunzi walijaa kwenye benchi wakingoja habari za ndugu zao, na Luena ikapiga kelele: "Pindua ya pili, kisha uzidishe! À vous!" Ndiyo "zamu yako kusema" ya foni.

Kesho yake, kabla sijashika chaki, darasa zima likaimba: "Pindua ya pili, mwalimu! À vous!"

Direkta, mkuu wa shule, akaniita. Nikajua nimefukuzwa.

"Miye pia nilikuwa ku benchi," akasema polepole. "Nilikuwa nimesahau, sawasawa na weye. Kila juma uulize Luena swali moja, bazazi banapenda."

Sasa naogopa foni kuliko vita. Wabusu watoto, uniwekee bukari, ule ugali wako.

Mdogo wako, mwalimu wa benchi