Mashati Matatu ya Hamisi

Likoni,
Ijumaa, baada ya Alasiri

Dada yangu Zainabu,

Pokea shikamoo yangu kabla sijaanza ubishi, maana wajua kwamba kalamu yangu ina tabia zile zile za mwenyewe. Natumai barua hii itakukuta penye cherehani yako, goti limeacha kukusumbua, na mama amekubali kunywa dawa bila ya kubembelezwa. Mimi ni mzima wa mwili. Umeniuliza kwa nini nimenyamaza miezi miwili, na ukasema huenda shahada imenifanya nione kwetu Faza ni mbali. Sivyo, dada. Nilinyamaza kwa sababu nimefanya jambo ambalo sikujua namna ya kukusimulia. Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza, kisha umsomee mama yale utakayoona yanafaa.

Chumba ninachopanga kimo katika nyumba ya Bi Mishi, mjane wa makamo anayeishi na mkaza mwanawe, Mwanasha. Mwanawe wa pekee, Hamisi, ni askari. Mwaka jana alipelekwa na wenzake kulinda amani katika nchi ya mbali yenye vita. Baadhi yao walirudi wamekatwa miguu, na baadhi walirudi katika majeneza. Hamisi hakurudi kwa njia yoyote katika hizo mbili. Gari walimokuwa lilipatikana limeungua. Wenzake wawili wakatambuliwa na kuzikwa, yeye hakuonekana.

Ni Bi Mishi huyo huyo aliyewakusanya wanawake katika baraza yake kushona mifarishi ya viraka ya kujifunika. Hawakutumwa na mtu. Wengine ni wenyeji wa hapa Likoni, wengine ni wake za askari kutoka bara, na mmoja wao ni Mama Kioko, Mkamba mwenye kicheko kinachosikika hadi kwenye feri. Kila siku baada ya Adhuhuri hutandika mkeka, wakaunga viraka, wakaweka blanketi kuukuu katikati na kitambaa cha marekani chini, kisha wakapiga bandi kutoka upande hadi upande. Mfarishi ukiisha hukunjwa na kupelekwa hospitali kwa majeruhi, au nyumbani kwa aliyefiwa.

Walinifanya katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nami, kama unijuavyo, nilianza kwa kuwapinga. Niliwaambia kuwa taifa linalompeleka kijana vitani ndilo linalopaswa kumfunika akirudi, na kwamba mwanamke anayetoa kiraka chake huwapunguzia wakubwa aibu wanayostahili kuiona. Nilitoa mifano ya nchi mbili tatu nilizozisoma chuoni. Nilizungumza vizuri, nadhani. Nilipomaliza, Mama Kioko aliukata uzi kwa meno.

"Mwalimu, umesema kweli tupu," akasema. "Sasa andika jina la huyu wa wodi ya sita. Na wakati unangojea serikali ione aibu, yeye anasikia baridi."

"Mombasa hakuna baridi, Mama Kioko."

"Ukikosa mguu kuna baridi."

Wakacheka wote, na mimi nikaandika.

Wana kanuni moja, dada, na naomba uishike, maana ndiyo iliyoniangusha. Mfarishi wa majeruhi hushonwa kwa vitambaa vipya, mabaki wanayoyaomba kwa mafundi wa sokoni. Mfarishi wa familia ya marehemu hushonwa kwa nguo za marehemu mwenyewe. Wajua desturi yetu ya kuzigawa nguo za maiti. Bi Mishi alisema zigawiwe kama kawaida, ila mbili tatu zizuiwe, zikatwe, ili watoto walalie jasho la baba yao. Kwa hiyo mkasi ukipita katika shati la mtu penye mkeka ule, basi mtu huyo amekufa, na kila mmoja pale anajua hivyo. Kabla ya kukata, Bi Mishi husoma Fatiha, na wake wa Kikristo hunyamaza hadi amalize.

Katika daftari langu kulikuwa na kurasa mbili, wa majeruhi na wa marehemu. Jina la Hamisi halikuwa katika wowote. Hakuna aliyelitaja. Bi Mishi alishona mifarishi ya wana wa wenzake, akampa kila mama pole yake, kisha akaingia ndani kukunjua na kukunja upya mashati matatu yaliyo kwenye sanduku la mwanawe. Mimi niliona hali hiyo haikubaliki. Niliamini, na nilisema, kwamba mtu ana haki ya kujua. Nikaziandikia ofisi. Dada, niliandika barua tano, za Kiingereza safi ambacho mwalimu wangu wa chuo angekisifu, nikasubiri majibu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliokwisha kuufaulu.

Jibu likaja mara moja tu, mistari mitatu. Lilisema faili la Hamisi limehamishiwa katika idara inayoshughulikia familia za waliofariki kazini, na kwamba tutaarifiwa. Basi. Mimi nikalichukua na kulifanyia hesabu: gari liliungua, wenzake wamekufa, miezi minane imepita, na sasa faili limekwenda kwa wafu. Kwangu ilikuwa imethibiti.

Wakati huo Bi Mishi alikuwa Kisauni akimuuguza dada yake. Mwanasha alikuja akasimama mlangoni pangu, ushungi umefunika nusu ya uso.

"Kaka Salim, nasikia barua imekuja."

Nikamsomea, nikamfasiria, nikamweleza maana yake kama nilivyoielewa mimi.

Akaniomba niisome tena. Kisha akasema, "Basi eda yangu naihesabu tangu lini?"

Nilimwona ametaabika na swali hilo kitambo. Kama mumewe amekufa, basi miezi yote hiyo amejitia manukato, amekwenda harusini, amecheka, na kwake hiyo ni dhambi. Kama yu hai, kukaa eda ni kumzika mwenyewe kwa mikono yake. Jibu la haki lilikuwa moja: nenda kwa kadhi, mimi ni mwalimu wa historia. Lakini ni lini mimi niliulizwa swali nikasema sijui? Nilimtajia kauli za wanazuoni niliowasoma juu juu, nikazipima moja na nyingine, nikamwambia ahesabu tangu siku hiyo ya barua. Aliniamini. Aliingia ndani akatoka na yale mashati matatu, la samawati, jeupe na la mistari, akayaweka mikononi mwangu kwa kuwa yeye, akishakaa eda, hawezi tena kutoka kwenda barazani.

Nikayapeleka mimi penye mkeka.

Mama Kioko hakuugusa mkasi. "Bi Mishi anajua?"

"Barua imekuja," nikajibu. "Nitamweleza mimi mwenyewe akirudi. Kumchelewesha mjane ni kumdhulumu."

"Mimi sijauliza kuhusu mjane. Nimeuliza kuhusu mama."

"Mama Kioko, uchungu haubadilishi ukweli."

Alinitazama kwa namna ambayo hata sasa nikiikumbuka nainamisha kichwa. Lakini mimi ndiye katibu, barua ilikuwa mkononi mwangu, na jina nilikuwa nimekwisha kuliandika katika ukurasa wa pili. Wakakata. Kwa kuwa Bi Mishi hakuwapo, Fatiha niliisoma mimi.

Alirudi kesho yake saa kumi, na kikapu chake cha maembe. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba, wanangu," akakaa mahali pake, akanyoosha mkono kuchukua viraka vilivyo karibu ili aanze kuunga, kama afanyavyo siku zote. Akaunga viwili. Katika cha tatu kulikuwa na kitundu cha kifungo kilichozungushiwa uzi wa rangi isiyo yake, mwekundu kwenye nguo ya samawati. Bila shaka alikishona yeye mwenyewe siku fulani alipokosa uzi unaofanana. Akakigeuza mbele na nyuma.

"Hili ni la Hamisi," akasema.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amemzika mwanangu nami nipo Kisauni?"

Nilisimama, nikaanza kueleza. Nilikuwa na barua, nilikuwa na mantiki, nilikuwa na maneno. Alinisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza, dada, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kisha akauliza, "Wamesema wamemwona?"

"Hapana, mama."

"Wamesema wamemzika?"

"Hapana, mama. Lakini—"

"Basi nipeni vitambaa vyangu."

Wakavikusanya vyote, wakamwekea ndani ya upande wa leso, naye akaufunga, akaingia ndani.

Jumatatu nilikwenda na Mwanasha kwa kadhi. Alimsikiliza, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza nilisomea wapi sharia. Akasema eda haianzi kwa dhana, na kwamba binti huyu bado ni mke wa mtu hadi apatikane shahidi. Wiki ya pili nilipanda feri, nikaenda mjini hadi ofisi yenyewe, nikakaa kwenye benchi kutwa. Karani mmoja mpole sana alinieleza kwamba faili lilihamishwa kwa sababu chumba walichokuwa wakiwekea majalada ya wasiojulikana walipo kilikuwa kinapakwa rangi. Hakuna jipya. Nikamuuliza ni nani anayejua. Akasema kwa kweli hata yeye angependa kumjua mtu huyo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba njia nzima, na sikupata wa kumtolea.

Unaona nilipo. Siku hizi, tangu vyama vingi viruhusiwe, kila penye kahawa watu wanabishana juu ya nchi, na zamani ningekuwa wa kwanza kuketi. Sasa napita. Mwanasha hajitii manukato wala havai nyeupe za eda. Amekaa katikati, na mimi ndiye niliyemweka hapo. Ananipa salamu kwa adabu na hainui macho. Wanawake wanaendelea na mifarishi, na Mama Kioko ndiye anayesoma majina kutoka daftari, kwa shida, kwa maana nimeomba kujiuzulu na hawakunizuia.

Bi Mishi haketi tena mkekani. Yuko uani, na anayashona yale mashati. Namaanisha anayarudisha: amevipanga viraka sakafuni, anatafuta kila kipande kilitoka wapi, ukosi, kifua, mgongo, mkono, na anaviunga viwe shati tena. Macho yake hayaoni tundu la sindano, kwa hiyo kila nikitoka shuleni huniita, "Njoo, mwalimu, nitungie uzi." Hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Namtungia. Nikimaliza nakaa hapo, kwa kuwa sioni pa kwenda.

Juzi alimaliza la samawati. Akaniambia nisimame, nilivae, kwani kimo changu na cha Hamisi ni kimoja. Sikuweza kukataa. Lilikuwa zito, dada, kila mahali mishono juu ya mishono, na liliniwasha shingoni. Akanizunguka, akalivuta huku na huku.

"Inua mkono."

Haukuinuka. Kwapa lilikaza, kwa kuwa kitambaa kimeliwa na mishono, na ukanda mmoja tuliokata haukuonekana. Mwanasha alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Alilitazama shati, akanitazama mimi nimo ndani yake, akaiweka sufuria chini, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

"Akija hataweza kulivaa hivi," akasema Bi Mishi. "Ana mabega, yule. Vua nilifumue."

Nimesoma vitabu vingi na hakuna kilichoniambia ningejibu nini. Kwa hiyo nakuuliza wewe, fundi, na naomba unijibu kwa posta ya kwanza: kwapa lililokatwa vipande vipande huungwaje hata mkono ukapata nafasi ya kuinuka? Je, hutiwa kipande cha pembe tatu, au bega lote hufumuliwa? Nichoree kwa kalamu, maana maelezo peke yake sitayaelewa. Amebakiwa na mashati mawili, na ameniomba nimuulizie.

Nibusie mikono ya mama. Nisalimie mjomba wetu mwadhini, shangazi muuza mafuta, na shemeji nahodha nikimtakia afya njema. Watoto wako waambie mjomba wao anawakumbuka kwa majina. Wakiuliza habari za kazi yangu, waambie nafundisha.

Ni mimi ndugu yako, ambaye safari hii hana hoja,

Salim