Idadi ya Kukuleta Nyumbani

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, na mkwe wako anakusalimu sana. Vipi hali yako, na lile tumbo?

Dada ameniambia umeanza dawa za dripu, na kwamba kabla ya dripu ya kwanza walikutoa damu ya kipimo kipya. Nimekisoma hicho kipimo. Saratani ikishatoka kwenye utumbo mpana ikafika kwenye ini, seli zake nyingine huzurura kwenye damu, na hizo ndizo wanazozihesabu. Wanachukua damu kiasi cha kijiko kidogo na nusu. Zikiwa chini ya tatu, mgonjwa huwa na muda mrefu zaidi. Zikifika tatu na kuendelea, muda huwa mfupi. Naomba unitumie idadi yako.

Usinielewe vibaya. Ofisini tunapewa ruhusa moja tu ya mambo ya familia kwa mwaka. Nikiitumia sasa, halafu likatokea lolote baadaye, nitakwama. Nikijua idadi nitajipanga vizuri.

Mwanao.

16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo. Asubuhi natapika, mchana nakaa kwenye cherehani kama kawaida, ila vidole vimeingia ganzi na sindano siku hizi naitafuta kwa macho. Sare za shule haziulizi fundi ameamkaje.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. "Likatokea lolote." Hilo lolote lina jina, mwanangu, linaitwa mazishi yangu. Kazi yako hapo kwenye bima ni kukadiria nyumba za watu zitaungua lini, sasa umemgeukia mama yako. Unaitunza ruhusa yako ili uje kunizika bila kumuudhi bosi. Hata aibu huoni, umeandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Daktari naye ni wa aina yako. Alinieleza habari za hizo seli huku anaangalia ukuta. Nikamuuliza, mkishazihesabu zinaacha kuzurura? Akasema hapana mama, zinatusaidia kukadiria tu. Nikamwambia nina mtoto wa kazi hiyo hiyo, na yeye hajawahi kuzima moto hata mmoja.

Idadi sikupi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kukaa, kaa.

Mama yako, ambaye hajafa.

1 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kutapika, na pole kwa vidole.

Umenionea. Sikuwa na maana hiyo. Nilimpigia daktari, akakataa kuniambia chochote bila ruhusa yako. Dada anasema hajui, na najua anajua. Mimi siwezi kuishi kwa kubahatisha, mama, ndivyo nilivyo. Niambie tu. Kama hali ni mbaya nitaondoka siku hiyo hiyo, naapa.

Mwanao.

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umeshinda, nimechoka kubishana.

Ni moja. Seli moja tu, inazurura peke yake huko kwenye damu. Kwa hesabu zako hiyo ni habari njema. Chumba chako nimekifagia na kitanda nimekitandika, kama utapenda kuja kukaa tu.

Mama yako.

20 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliifungulia ofisini nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Sijui nikushukuru vipi.

Sasa mambo yamekuwa mepesi. Ruhusa naiacha kwanza, mwishoni mwa mwaka tutaangalia. Usihangaike na chumba. Nimekutumia ndala za ndani, laini, za kupumzikia.

Mwanao mwenye furaha.

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili nakuandikia, na ile ya kwanza hujaijibu. Dada anasema uko salama lakini hataki kusema zaidi. Ndala zilifika? Nimekukosea nini?

Mwanao.

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ndala zilifika. Zinanibana.

Zilikuwa tisa. Nilikuambia moja kwa makusudi. Nilitaka kuona kama unaweza kuja kwa mama tu, bila kusukumwa na jeneza. Nilikifagia hicho chumba kila wiki kama mjinga, nikisikia gari barabarani naacha kushona. Imeniuma kuliko dripu. Unaweza kusema nilikudanganya, na ni kweli, lakini aliyecheka ofisini ni wewe.

Sasa sikiliza mengine. Baada ya dripu kadhaa walinitoa damu tena. Kutoka tisa zimeshuka mpaka mbili. Safari hii daktari aliniangalia usoni. Anasema zikishuka hivyo baada ya dawa ni dalili nzuri, na kwamba ile hesabu ya kwanza isinisumbue sana, ingawa haapi. Kwa hiyo huenda nina muda. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiwaza kwamba muda wote huo nitauishi nikijua mwanangu ni mtu wa namna gani.

Dada yako alinishauri nikuandikie ile tisa peke yake, niishie hapo, uje mbio unalia. Nimekataa. Watu wa kuja kwa tisa ni wengi, hata majirani nisiosalimiana nao watakuja, watajaa mpaka uani.

Ni mbili. Hakuna kinachoungua. Bosi wako hatakuelewa ukiomba ruhusa kwa ajili ya mbili, na wewe mwenyewe utaona ni kuipoteza. Ipoteze. Ukija sasa, mlango nitakufungulia mimi. Ukisubiri, utafunguliwa na mtu mwingine.

Mama yako.