Mchanga wa Ziwa Ndani ya Randa Yangu

Mke mwenzangu Nyamizi, mdogo wangu,

Basi fundi akachomoa skrubu ya mwisho, akaachanisha maganda mawili ya randa yangu ya umeme, mchanga ukadondoka juu ya gazeti. Si mwingi, kijiko cha chai hakijai. Lakini mchanga wa ziwa, Nyamizi, ule wenye vipande vya konokono. Fundi akaugusa kwa kidole, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, hii mashine iliwahi kuzama?"

"Ya kwangu? Hata siku moja. Iliyozama ni ya mke mwenzangu."

"Sasa mchanga huu umeingia kwa mlango gani?"

Nikaanza kuhesabu vipande vya konokono. Mimi! Wewe unanijua, hata nikiumwa jino naongea.

Anayeniandikia hapa ni mke wa mwanangu Mabula, mkwe wangu. Mimi shule sikwenda, nilichunga ndama. Anasema barua huanza na salamu. Nimemwambia salamu itakuja, kwanza mchanga. Na barua hii si ya siri. Mwanao Kulwa akusomee kwa sauti, hapo nje kwako Buhongwa, majirani wasogeze viti wasikie. Sababu nitaisema. Na kwa kuwa hao majirani hawajui tulikotoka, nitawaelezea wao, wewe utulie tu hata kama unayajua.

Marehemu mume wetu Masanja alikuwa seremala hapa Mkuyuni, na alikuwa na sheria moja: mwenye wake wawili hanunui kitu kimoja. Akileta kitenge, vinakuja viwili. Sufuria, mbili. Unakumbuka redio? Redio mbili, nyumba mbili, taarifa ya habari ile ile, mtu akisimama uani anadhani anasikia mwangwi. Sasa na sisi tulikuwa tumeshaingia karakana. Tulianza kwa kupiga msasa, tukaja kumshikia mbao, mwisho tukawa tunasukuma randa ya mkono mpaka viganja vikawa kama nyayo. Siku moja mchana akarudi kutoka mjini na maboksi mawili. Akatuita wote kwa wakati mmoja, kama kawaida yake, asije akaitwa mmoja kwanza. Randa za umeme, mbili, rangi moja, ile bluu inayoelekea kijani.

Na mimi nikafanya nini? Nikapima nyaya. Mke wa Mabula anacheka. Andika, usicheke. Nililaza nyaya mbili chini, sambamba, nikakuta wa kwako umezidi vidole vinne. Nikanuna. Masanja akachukua plaizi, akaukata waya wa mashine mpya ambayo haijawashwa hata mara moja, akafunga plagi upya. "Haya, zimelingana. Nani mwingine ana shida?" Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nikaona nimeshinda.

Ili zisichanganyike, mimi nikafunga kitambaa chekundu kwenye waya wa kwangu, wewe ukachoma vidoti viwili kwa msumari wa moto karibu na mshikio wa kwako. Watu walikuwa wanasimama barabarani kutuangalia. Yule mteja wa vitanda, mnene yule, akamuuliza Masanja, "Hawa ni wake zako au ni mafundi wako?" Masanja akamjibu, "Ni wake na ni mafundi. Wewe unaye mmoja, hata nyundo hajui inashikwa upande gani." Mteja akaondoka, lakini vitanda alikuja kuvichukua.

Watu wananiuliza mpaka leo, bibi, hizi mashine mlizifanya nini zikadumu hivi? Za wenzetu hapa mtaani, walizonunua wakati ule ule, zilikufa hata rangi haijachubuka. Mimi nawaambia, mashine ni kama ng'ombe wa kulimia. Masanja alitufundisha kuishika tumbo. Ikiwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, iache ipumzike, nenda kakoroge uji. Kisu kikiwa butu kinole, maana kisu butu kinaua mota. Zile kaboni za kusugua ndani usingoje ziishe. Ikilia vibaya inakuomba, usiilazimishe. Hayo Masanja alitufundisha wote, lakini wewe ulizidisha. Wewe na ile pampu ya baiskeli! Kila jioni unapuliza vumbi kwenye matundu. Nikawa nakutania, "Unaijaza upepo ipate kuruka?" Ukasema, "Dada, vumbi la mninga ni kama dagaa, linapita kwenye tundu lolote." Na ukimaliza ya kwako unaipuliza na ya kwangu. Hilo sikukuomba, wala asante sikusema.

Halafu ikazama. Tulikuwa ufukweni tunalainisha mbao za mtumbwi wa watu, umeme umekatika, tumekaa tunaungoja. Mwenye mtumbwi akavuta kamba, mbao ikainama, randa yako ikateleza, chubwi. Uliingia na nguo zako zote. Ukatoka nayo kifuani, maji yanakuchuruzika, Masanja anasema, "Iache, imekufa hiyo." Ukasema, "Haijafa, imekunywa tu." Nyamizi, maneno yako! Ukaifungua yote, ukaisuuza kwa maji safi, ukaanika kila kitu juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, lile ambalo adhuhuri ungeweza kuchomea chapati. Siku tatu unafukuza kuku. Waya mmoja mwembamba ulikuwa umekatika, ukauunga, ukaufunga kwa uzi wa nyavu wa kijani. Siku ya nne ukaichomeka, ikanguruma. Hata mimi nilipiga kigelegele, ingawa moyoni nilisema haitafika Pasaka.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo hata Masanja alikufa hajui. Ya kwangu niliiua mimi mwenyewe. Niliilazimisha kwenye mbao mbichi, nina hasira zangu, ikalia, nikasukuma, ikatoa moshi. Nikaificha chini ya kitanda. Ukaja mlangoni, "Dada, mbona pananuka?" "Nachoma takataka." Ndani ya nyumba, takataka gani? Kesho yake nikasafiri kwenda Ukerewe kumzika shangazi. Niliporudi baada ya wiki, nikaikuta juu ya meza yangu, nikaiwasha, inanguruma vizuri kuliko zamani. Ukaniambia, "Ilikuwa swichi tu, dada." Nikakubali. Mtu hukubali upesi jambo linalompendeza. Ya kwako ikawa haionekani, kumbe iko mjini kwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota, na mimi nazunguka natangaza, "Si niliwaambia? Iliyokunywa maji ya ziwa haina maisha. Tazameni ya kwangu!"

Masanja akafa. Matanga yalipoisha wazee wakakaa, shemeji Luhende akiwa katikati, kugawa vitu. Akasema kila mke achukue randa yake. Hapo ndipo nilipofungua huu mdomo. Nilisema mbele ya watu wote, wakwe wapo, watoto wapo, "Ya kwake ilikufa majini siku nyingi, inapumua kwa vipuri vya kwangu. Achukue hilo ganda aende nalo." Na sikumaanisha mashine tu. Wewe ulijua, na mimi nilijua. Nilikuwa na uchungu kwamba alifia nyumbani kwako na si kwangu. Ni hilo. Nimelisema.

Ukasema, "Ganda nitalichukua, dada." Ukalifunga kwenye kitenge, ukaondoka na Kulwa. Miaka sita. Buhongwa si Bukoba, ni bajaji moja tu kutoka hapa, na sikuja.

Sasa turudi kwa fundi. Aliposafisha, akaitoa mota, akaileta kwenye mwanga. "Mama, huu uzi nani aliufunga?" Uzi wa nyavu, kijani. Umeiva kwa joto, umekuwa mgumu kama kucha, lakini fundo lako nalijua, unafunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Nikakaa kwenye ndoo. Kumbe nilipokuwa Ukerewe ulitoa tumbo lote la randa yako ukaliweka kwenye ya kwangu, ukachukua mota yangu iliyoungua ukaipeleka kusukwa, ukakaa bila mashine kwa muda wote ule huku mimi nakucheka. Miaka yote hii ninayojisifu, ninajisifia mota iliyozama. Na siku ile mbele ya wazee ulikuwa na sentensi moja tu ya kunivua nguo, ukaimeza. Mimi ndiye niliyebaki na ganda, Nyamizi. Cha ndani kilikuwa chako.

Nikamuuliza fundi kama imekwisha. Akacheka. "Iishe? Inataka beringi moja na kaboni mpya. Aliyeikausha aliikausha kwa akili." Nikamwambia ni mdogo wangu, fundi wa Buhongwa. Nimekuita hivyo bila kufikiri, na sijutii.

Na ile niliyoiunguza? Wiki iliyopita alikuja mtu kuulizia madirisha, akasema kule kwenu, kando ya barabara ya Shinyanga, kuna mama anatengeneza milango peke yake, ana randa kuukuu yenye vidoti viwili. Nikamshika mkono. "Inalia vipi?" Akashangaa, "Inalia vipi nini?" "Randa, baba! Inakwaruza au inaimba?" Akasema inaimba. Haki ya Mungu, nilimpunguzia bei ya madirisha. Zote mbili ziko hai, mdogo wangu. Niliyoiunguza mimi umeiponya, iliyozama inanilisha mimi.

Salamu sasa. Mwangaluka. Mimi mzima, bega la kulia ndilo linalosumbua, siwezi tena kusukuma mbao ndefu peke yangu. Mabula ana kazi yake ya samaki kule mwaloni, hapendi vumbi. Kuna mtu Ilemela amejenga juu ya mawe huko, anataka milango kumi na miwili, nimemwambia asubiri nizungumze na mwenzangu. Ametaka kujua mwenzangu nani, mbona kila siku ananikuta peke yangu. Ukitaka, uje. Hutaki, nihamishie mimi meza yangu huko barabarani kwako, nitakaa upande wa jua, wewe kaa kivulini. Hutaki hata hilo, sawa, tutengeneze mimi sita huku na wewe sita huko, na vipimo nitakuletea. Usipotaka lolote nitaelewa, lakini nina matumaini, nisidanganye. Mtu aliyefukuza kuku siku tatu kwa ajili ya mota haniachi mimi niozee hapa.

Ila la kwanza si milango. Tusi lililotoka mbele ya wazee halifutwi kwa kunong'ona. Ndiyo sababu nataka isomwe kwa sauti, na ndiyo sababu nimemwita shemeji Luhende, yeye aliyegawa, asikie kwa masikio yale yale. Mke wa Mabula ananiuliza barua tumpe nani aipeleke. Hatumpi mtu. Kulwa, ukifika hapa acha kusoma kidogo, mwambie mama yako ainue macho. Mimi ndiye niliyekaa hapo mbele yenu, nimeshika mkoba. Nyamizi, nisamehe. Mashine yako haikuwa ganda, na wewe hukuwa ganda.

Nilitaka kusema pia kuhusu yule mbuzi mwenye...

"Shemeji! Mwenye bajaji anasema anaondoka!"

"Nakuja, Luhende! Miguu yangu si ya umeme!"

Haya, huyo ameshaanza kelele. La mbuzi nitakwambia kwa mdomo. Andika hapo chini: dada yako, mke mwenzio, Mama Mabula. Umeandika? Ikunje, na unipe mkono ninyanyuke.